Mkutubi Anajibu: Kutoka Madesa Hadi Chanzo Chenyewe

Tangu vyuo vikuu vifunguliwe, barua nyingi zinazofika katika safu hii zinatoka kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na karibu zote zinauliza namna ya kupata taarifa za masomo na namna ya kuzitumia baada ya kuzipata. Nimechagua sita. Baadhi nimezijibu kwa kirefu, kwa kuwa ninaamini kwamba mwanafunzi anayejifunza mapema kuifuatilia taarifa hadi pale ilipotoka hupata faida katika kila somo atakalolisoma baadaye.

Shikamoo mama Mkutubi. Ninasoma mwaka wa kwanza wa shahada ya ualimu hapa Dodoma. Mhadhiri wa Jiografia ametutaka tujadili sababu za ukuaji wa miji nchini Tanzania na athari zake, kwa kutumia vyanzo visivyopungua vitano. Niliandika swali lote kama lilivyo kwenye Google nikapata majibu mengi mno, mengine ya India na Nigeria. Wenzangu wananishauri ninunue desa, yaani noti za waliotutangulia, ambalo linauzwa steshenari na lina kila kitu. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Ninaelewa kwa nini desa linawavuta. Katika shule ya sekondari maarifa yalikuja yakiwa yamewekewa mipaka: kulikuwa na muhtasari wa somo, noti za mwalimu na mitihani iliyopita ya Baraza la Mitihani. Chuo kikuu kinaiondoa mipaka hiyo kwa siku moja, na desa linairudisha. Tatizo lake ni kwamba halina mwenyewe. Hujui aliyeliandika ni nani, aliliandika mwaka gani, wala alisoma nini kabla ya kuliandika, na kila linapopita mkononi mwa mtu mwingine hupungua maneno au huongezewa makosa.

Nitakupa mfano unaohusu swali lako hilohilo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na wastani wa ongezeko la watu mkoani humo tangu sensa ya mwaka 2002 ulikuwa asilimia 5.6 kwa mwaka. Kiwango hicho kilikuwa kikubwa, na ni rahisi kukikuta katika maandishi ya muongo uliofuata. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo, ongezeko ambalo ni wastani wa asilimia 2.1 tu kwa mwaka. Katika kipindi hichohicho, watu wa Mkoa jirani wa Pwani waliongezeka kutoka takriban milioni 1.1 hadi takriban milioni 2. Mwanafunzi anayenakili desa la zamani ataandika kwamba Dar es Salaam inakua kwa asilimia 5.6 kwa mwaka na kuijenga hoja yake yote juu ya hali iliyokwisha kupita. Yule aliyefungua ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu atajiuliza kama jiji limepunguza kasi, au kama limeuvuka mpaka wa mkoa na kuendelea kukua kuelekea Kibaha, Bagamoyo na Mkuranga. Hapo ndipo mjadala wa kitaaluma unapoanza, na ripoti hizo zinapatikana bure kwenye tovuti ya ofisi hiyo.

Sasa tuje kwenye namna ya kuanza. Kabla ya kugusa simu, chukua karatasi ulichambue swali. Jambo linalojadiliwa ni ukuaji wa miji, mahali ni Tanzania, na pande zinazotakiwa ni mbili, yaani sababu na athari. Muda haukutajwa, kwa hiyo ni juu yako kuuchagua na kuutaja katika utangulizi wako. Kisha andika maneno mengine yanayobeba maana hiyohiyo: kuhamia mijini, makazi holela, ongezeko la watu, mipango miji. Kwa kuwa sehemu kubwa ya maandishi ya kitaaluma kuhusu nchi yetu imeandikwa kwa Kiingereza, utahitaji pia istilahi za Kiingereza za fani yako, na njia rahisi ya kuzipata ni kupitia faharasa iliyo mwishoni mwa kitabu cha kiada ambacho mhadhiri amekipendekeza. Ukitafuta kwa maneno mawili au matatu ya aina hiyo, ukiongeza neno Tanzania na kuyazungushia alama za kunukuu maneno yanayopaswa kukaa pamoja, yale majibu ya India na Nigeria yatapungua sana.

Baada ya hapo nenda maktaba, na kwanza utafute katika katalogi kitabu kimoja tu kinacholingana na mada yako. Ukikifikia rafuni, vitazame vilivyo jirani yake, kwa sababu vitabu vya maktaba hupangwa kwa mada. Katika maktaba zinazotumia mpangilio wa Dewey, ambao ulichapishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1876, maandishi kuhusu jamii za mijini yako chini ya namba 307. Ukishapata kitabu au makala moja nzuri, isome orodha yake ya marejeo, nayo itakurudisha nyuma kwa walioandika kabla yake. Kisha itafute makala hiyohiyo katika Google Scholar, huduma iliyoanzishwa mwaka 2004, ubonyeze sehemu inayoonyesha ni nani wameitaja. Hiyo itakupeleka mbele kwa walioandika baada yake, wakiwamo waliompinga mwandishi. Kwa njia hii mwanafunzi mwenye chanzo kimoja cha kuaminika anaweza kufikisha vitano kabla ya jioni, na vyote vikawa vinazungumza juu ya jambo moja.

Jambo la mwisho kwako: ukiambiwa kwamba kitabu kimeazimwa, usikate tamaa mlangoni. Uliza kama kuna nakala katika sehemu ya vitabu vinavyoazimwa kwa saa chache. Wanafunzi wengi hawajui kwamba sehemu hiyo ipo hadi mwaka wa pili.

Mheshimiwa Mkutubi, mimi ni mwanafunzi wa udaktari jijini Mwanza. Kila makala ninayoifungua hunionyesha ikisiri pekee, kisha hunidai dola 30 au zaidi ili niisome yote. Fedha za kujikimu haziwezi kuhimili gharama hiyo. Wenzetu wa nchi tajiri wanasomaje?

Usilipe. Wenzako wa nchi tajiri nao hawalipi mmoja mmoja. Maktaba za vyuo vyao ndizo zinazolipa kwa niaba yao. Kwa nchi zenye kipato kidogo, Shirika la Afya Duniani lilikubaliana na wachapishaji wakubwa na kuanzisha mpango wa Hinari mwezi Januari 2002, ili vyuo, hospitali na taasisi za utafiti zipate majarida ya tiba bure au kwa gharama ndogo. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo likaanzisha mpango kama huo wa AGORA kwa ajili ya kilimo, na leo mipango hiyo na mingine ya mazingira, teknolojia na sheria imeunganishwa chini ya jina la Research4Life. Anayesajiliwa ni taasisi, si mtu binafsi. Kwa hiyo swali la kumuuliza mkutubi wa chuo chako ni hili: je, chuo chetu kimesajiliwa, na ninaingiaje nikiwa nje ya mtandao wa chuo?

Zipo pia njia zisizohitaji ruhusa ya mtu yeyote. PubMed Central, iliyoanza mwaka 2000, huhifadhi makala kamili za tiba ambazo kila mtu anaweza kuzisoma. Majarida ya Afrika yanakusanywa na African Journals Online, yenye makao yake Afrika Kusini na ambayo imekuwapo tangu mwaka 1998. Makala nyingi humo ni za bure, na ni mahali pazuri pa kupata tafiti zilizofanywa katika hospitali zinazofanana na ile utakayofanyia kazi. Vyuo kama Muhimbili na Sokoine vina hazina za kidijitali za tasnifu na makala za wanataaluma wao. Njia zote hizo zikishindikana, mwandikie mwandishi mwenyewe kwa anuani ya barua pepe iliyo katika ukurasa wa kwanza wa makala, ujitambulishe kwa sentensi mbili na kuomba nakala. Watafiti wengi hufurahi kusomwa.

Ili kuokoa bando, pakua makala ukiwa chuoni na uyape mafaili majina yanayoeleweka, yaani jina la mwandishi, mwaka na mada. Faili lenye jina la tarakimu tupu hutalikumbuka wiki ya mitihani.

Ninasoma sheria Iringa. Niliiomba programu ya akili mnemba inipatie hukumu za Mahakama ya Rufani ya Tanzania kuhusu mikataba ya ardhi. Ilinipa sita, zikiwa na majina ya wadaawa, namba na miaka, mojawapo ikiwa ya mwaka 1974. Nimezitafuta zote bila mafanikio na kazi inakusanywa wiki ijayo. Je, kuna maktaba maalumu ninayoweza kuzipata?

Hukumu ya mwaka 1974 hutaipata popote. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianzishwa mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Kabla ya hapo rufaa zetu za mwisho zilisikilizwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Kwa ushahidi huo mmoja unaweza kutambua kwamba orodha uliyopewa ina jambo la kubuni, na zile tano zilizobaki zichukulie kuwa za kubuni hadi utakapoziona kwa macho yako.

Ni vizuri kufahamu kwa nini jambo hili hutokea. Programu ya aina hii, kama ChatGPT iliyofunguliwa kwa umma mwezi Novemba 2022, imefunzwa kwa maandishi mengi sana ili iweze kukisia neno linalofaa kufuata baada ya jingine. Inajua jinsi jina la kesi linavyoonekana, na kwa hiyo inaweza kutunga jina zuri la kesi ambayo haikuwahi kusikilizwa na hakimu yeyote. Hata zile zilizounganishwa na intaneti huweza kukuletea chanzo cha kweli huku zikikisingizia jambo ambalo hakikulisema. Uandishi wake hautofautiani pale inapokosea na pale inapopatia, na hapo ndipo msomaji mgeni anaponaswa.

Wamenaswa hata wazoefu. Mwezi Juni 2023, jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliwatoza mawakili wawili pamoja na ofisi yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu zilizobuniwa na ChatGPT, na kwa kuendelea kuzitetea hata baada ya uhalali wake kutiliwa shaka. Ninakueleza habari hii ukiwa mwaka wa kwanza kwa sababu siku moja utasimama mbele ya hakimu ukiwa na mteja nyuma yako, na mazoea unayoyajenga sasa ndiyo utakayokwenda nayo.

Kwa kazi ya wiki ijayo, ingia tovuti ya TanzLII, ambako hukumu za mahakama zetu zinasomwa bure. Humo hukumu za Mahakama ya Rufani hutambulishwa kwa herufi TZCA na za Mahakama Kuu kwa TZHC, zikifuatana na mwaka na namba. Tafuta kwa maneno ya hoja yako ya kisheria, fungua hukumu tatu au nne za karibuni, kisha uangalie ni hukumu zipi za zamani ambazo majaji wenyewe wamezirejelea. Hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kuzifikia kesi zinazotambuliwa kuwa muhimu. Ikiwa unatafuta makala badala ya hukumu, kipimo cha haraka ni namba ya utambulisho iitwayo DOI, ambayo huanza daima kwa tarakimu 10: iandike kwenye tovuti ya doi.org na uone kama inakupeleka kwenye makala uliyotajiwa au kwenye kitu kingine kabisa.

Sisemi kwamba programu hizi zisiguswe. Zinaweza kukusaidia kupata istilahi za kutafutia au kukueleza dhana ngumu kwa maneno mepesi, mradi uende ukaithibitishe kitabuni. Hata hivyo, kanuni za vyuo na za wahadhiri zinatofautiana, kwa hiyo muulize mhadhiri wako kabla ya kuzitumia, tena muulize kwa maandishi.

Mimi ni mzazi, Songea. Binti yangu ameanza chuo na anasema bila kompyuta mpakato hawezi kusoma. Hali yangu si nzuri. Je, ni kweli?

Ndugu yangu, kompyuta ingemsaidia, lakini kwa mwaka wa kwanza anaweza kusoma bila kuwa na yake. Vyuo vina vyumba vya kompyuta na maktaba zenye vituo vya kutafutia taarifa. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2018, ilijengwa ili kuhudumia wasomaji wapatao 2,100 kwa wakati mmoja. Simu aliyonayo inatosha kwa kusoma makala. Kuandikia kazi ndefu kwenye simu ndiko kunakochosha, na kwa hilo apange saa zake katika chumba cha kompyuta nyakati ambazo hakuna msongamano. Ukijaliwa kupata fedha mwaka ujao, kompyuta iliyotumika na iliyokaguliwa na fundi unayemwamini itamfaa.

Ninaandika kutoka Arusha nikiwa na huzuni. Kazi yangu ya kwanza imepewa sifuri kwa madai ya wizi wa kitaaluma, ingawa niliweka orodha kamili ya marejeo mwishoni. Niliiba nini?

Pole sana, mwanangu. Ninakuamini unaposema hukukusudia, na wengi huanguka hapo hapo ulipoanguka. Orodha ya mwishoni humwambia msomaji ulisoma nini, lakini haimwambii ni sentensi ipi ni yako na ipi ni ya mwingine. Kazi hiyo hufanywa ndani ya matini, palepale unapotumia wazo la mtu.

Chukua sentensi hii niliyoitunga kwa ajili ya maelezo haya: “Upungufu wa maji mijini hauwezi kuelezwa kwa ongezeko la watu pekee, kwa kuwa mabomba yaliyochakaa na usimamizi dhaifu vina mchango mkubwa.” Mwanafunzi akiandika kwamba uhaba wa maji mijini hauwezi kufafanuliwa kwa kuongezeka kwa watu tu, kwa sababu mabomba mabovu na uongozi dhaifu vina mchango mkubwa, amebadilisha maneno na kuacha sentensi ya mwenzake ikiwa imesimama vilevile. Huo ni wizi hata kama jina la mwandishi limewekwa mwishoni mwa karatasi. Njia sahihi ni kuisoma aya yote, kukifunga kitabu, kisha kujieleza mwenyewe: fulani, katika ukurasa fulani, anaona kwamba hata mji usioongezeka watu unaweza kukosa maji iwapo miundombinu yake haitunzwi. Ukishaandika hivyo, fungua kitabu tena uhakikishe hukumsingizia. Pale ambapo maneno yake mwenyewe ndiyo yenye uzito, yanukuu kama yalivyo ndani ya alama za kunukuu, pamoja na mwaka na ukurasa.

Chanzo cha tatizo mara nyingi ni daftari. Mwanafunzi hunakili sentensi wakati wa kusoma, haandiki ukurasa, na baada ya wiki mbili anaamini kwamba maneno hayo ni yake. Ninawashauri wanafunzi watumie kalamu za rangi mbili, moja kwa maneno ya kitabu na nyingine kwa mawazo yao, na waandike jina la mwandishi, mwaka na ukurasa kabla ya kunakili neno la kwanza. Ukipata kompyuta, programu ya bure ya Zotero itakutunzia marejeo yako na kuyapanga kwa mtindo ambao idara yako inautaka.

Kuhusu programu za kubaini ufanano wa maandishi, kama Turnitin, fahamu kwamba asilimia inayoonyeshwa hupima maneno yanayofanana na maandishi mengine, yakiwamo manukuu halali na hata orodha ya marejeo yenyewe. Uamuzi wa kwamba kuna wizi hufanywa na mtu. Kwa sababu hiyo una haki ya kumwendea mhadhiri wako kwa adabu, ukiwa na daftari lako, umwombe akuonyeshe sehemu zenye dosari na kumuuliza kama utaratibu wa chuo unaruhusu kuirudia kazi.

Asalaam aleikum. Ninasoma Kiswahili Unguja na ninataka kuandika juu ya nyimbo za wavuvi na mafundi wa majahazi wa kaskazini mwa kisiwa. Mtandaoni sioni karibu kitu. Je, nibadilishe mada?

Waaleikum salaam. Usiibadilishe. Kutokuwapo kwa jambo mtandaoni kunaonyesha tu kwamba hakuna aliyeliweka humo, na mada yako ni ya thamani kwa sababu hiyohiyo.

Anza na majarida ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hasa Kiswahili na Mulika. Mizizi ya taasisi hiyo inarudi hadi kwenye kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930, na matoleo ya zamani ya majarida yake yana makala za fasihi simulizi ambazo injini za kutafutia hazizifikii kwa urahisi. Pitia yaliyomo toleo kwa toleo. Maktaba ya chuo hicho pia ina mkusanyiko mkubwa wa miswada ya Kiswahili, ambao J. W. T. Allen aliutolea katalogi mwaka 1970, na chuo cha SOAS mjini London kina mkusanyiko mwingine. Karibu nawe zaidi ni Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani. Huko usiulizie nyimbo moja kwa moja, kwa kuwa huenda hazikuorodheshwa kwa jina hilo. Omba orodha za kumbukumbu zinazohusu uvuvi, bandari na vyombo vya baharini, uzisome kwa subira.

Chanzo chako kikuu, hata hivyo, kiko Nungwi na vijiji vyake vya jirani, kwa wazee wanaozijua nyimbo hizo. Mzee ni chanzo kama kitabu kilivyo chanzo, naye anastahili uangalifu uleule. Mweleze kwanza unachofanya na mahali kazi yako itakapokwenda, mwombe ridhaa kabla ya kurekodi, muulize kama anataka jina lake litajwe, na uandike tarehe, mahali na mtu aliyemfunza yeye wimbo huo. Ukipata wimbo mmoja kwa wazee wawili wenye maneno tofauti, hifadhi matoleo yote mawili bila kuyasahihisha. Kabla ya kwenda, uliza idara yako kuhusu barua ya utambulisho na kibali cha utafiti, na uulize mapema, kwa kuwa vibali huchukua muda na msimu wa pepo hautakusubiri.